Maji ya Unguja Yanapotelea Kwenye Viwanja

Kila ikifika Januari na Februari, jua la kaskazi likishakolea, habari ni moja tu Mjini na shamba, maji hayatoki. Watu wanaamka saa nane za usiku kuvizia mfereji, madumu yamepangwa mlangoni, mwenye uwezo anapiga simu gari la maji lije limjazie tangi, asiyekuwa nao anabeba ndoo kichwani au anamlipa kijana wa gari la ng'ombe. Na kila mwaka jibu ni lilelile, vichimbwe visima vyengine, iletwe pampu kubwa zaidi, lijengwe tangi jengine. Visima vinahitajika, hilo sibishani nalo. Lakini naona tunashughulika na mwisho wa bomba wakati maji yanaanzia kwenye ardhi, na hiyo ardhi tunaigawa viwanja kila siku inayokwenda kwa Mungu. Hoja yangu leo ni hiyo moja tu: ishu ya maji Unguja ni ishu ya ardhi, hasa ile ardhi ya kulima ya magharibi na katikati ya kisiwa, na kama hatuwezi kuilinda ile basi tutachimba visima mpaka tuchoke na tutakuja kunywa chumvi.

Tuanze na kisiwa chenyewe kilivyo manake wengi tunakaa juu yake bila kujua kinafanyaje kazi. Unguja ina sehemu mbili tofauti kabisa. Upande wa mashariki na kusini, kuanzia huko Nungwi kwenye ncha ya kaskazini kushuka Kiwengwa, Paje, Jambiani mpaka Makunduchi, ni maweni, uwanda, jiwe la matumbawe na udongo kidogo kidogo kwenye mashimo. Mtu wa huko analima muhogo, mtama, kunde na choroko katikati ya mawe na analazimika kuhama konde kila baada ya miaka. Upande wa magharibi na katikati ndo kwenye udongo wa maana, kichanga na kinongo (udongo mwekundu) juu ya vilima, kinamo (udongo wa mfinyanzi) mabondeni, na huko ndo kwenye minazi, karafuu, migomba, viungo na mpunga. Mvua kwa wastani ni kama milimita 1,600 kwa mwaka, nyingi inanyesha masika na iliyobaki vuli. Ziwa hatuna. Mto mkubwa hatuna. Tuna vijito tu, Mwera, Kipange, Zingwezingwe, vinatoka kwenye miinuko ya huku na vyengine vikishafika kwenye jiwe vinazama chini havionekani tena, watu wa huko wanajua kabisa sehemu mto unapoingia ardhini.

Kwa hiyo karibu kila tone tunalokunywa, awe mtu wa Kikwajuni au mgeni wa hoteli ya Matemwe, ni mvua iliyonyesha juu ya kisiwa hiki hiki ikaingia chini. Hatuna mlima wa theluji wala nchi jirani ya kutuletea mto. Ikinyesha isipoingia ardhini, basi imekwenda baharini na habari yake imekwisha.

Na maji yakishaingia chini hayakai kwenye pipa. Chini ya kisiwa kuna maji ya bahari yamepenya kwenye mawe kutoka kila upande, na yale matamu yanaelea juu yake kama mafuta juu ya maji, kwa sababu ni mepesi kidogo. Katikati ya kisiwa yale matamu yana kina kirefu, ukija ukingoni pwani yanakuwa utando tu. Kuna kanuni ya zamani wataalamu wa maji ya visiwani wanaitumia duniani kote, kwamba kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inabeba kama mita 40 za maji matamu chini yake. Hesabu hiyo igeuze upande wa pili uone inavyotisha: ukivuta maji mpaka uso wake ukashuka mita moja, chumvi kule chini baada ya muda inaweza kupanda mita 40. Huioni ikipanda. Unachokiona ni kwamba siku moja sabuni haitoi povu, chai ina ladha, mwakani mchicha uliomwagilia unakauka ncha za majani, na kisima kilichomlea babu yako unakiacha kwa kufulia tu, baadaye hata kufulia hakifai. Na kisima kikishaingia chumvi hakirudi kwa msimu mmoja wa mvua, kinataka miaka ya kupumzishwa, na nani atakipumzisha wakati watu wana kiu?

Sasa wazee walilijua hili kwa macho hata kama hawakuwa na kanuni. Seyyid Barghash aliyetawala kuanzia 1870 mpaka 1888 alipotaka kuwapa watu wa Mji Mkongwe maji safi hakuchimba mji ule, aliyatoa kwenye chemchem za nje ya mji upande wa kaskazini akayaleta kwa mabomba. Chemchem zile hazikujitokeza tu. Juu yake kuna kilima cha Masingini, kinachopita mita mia moja, na msitu wake ndo unaoyapokea maji ya mvua yashuke taratibu. Mpaka leo Masingini ni msitu wa hifadhi na sababu ya kuwa hifadhi ni maji, wala sio ndege na kima tu. Ukisimama barabara ya Dole ukauangalia ule msitu, kisha ukageuza uso ukaangalia mapaa ya bati yanavyoupandia kutoka pande zote, unaelewa bila ya kuelezwa.

Nambari zinasema nini? Sensa ya 2012 Zanzibar nzima ilikuwa na watu 1,303,569. Sensa ya 2022 tumekuwa 1,889,773. Mkoa wa Mjini Magharibi peke yake ulitoka 593,678 ukafika 893,169, yaani karibu watu laki tatu wameongezeka ndani ya miaka kumi kwenye mkoa mmoja mdogo, na mkoa wenyewe ndo huo uliokalia udongo mzuri na chemchem. Unguja yote ina watu 1,346,332, zaidi ya watu 800 kwa kila kilomita moja ya mraba ukiwatawanya sawasawa, na hawakutawanyika sawasawa.

Hao watu lazima wakae mahali, mimi silaumu mtu kutafuta pa kulaza watoto. Ninachouliza ni wanakaa wapi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ya mashamba makubwa ilitaifishwa, na wananchi wakagawiwa eka tatu tatu walime. Kulima, ndo ilikuwa shabaha. Kwa sheria ardhi ni mali ya umma, na sheria ya umiliki wa ardhi ya 1992 ikaendeleza msimamo huo huo. Leo pita Kianga, Mwera, Kihinani, Fuoni, Dole, zile eka zimekatwa vipande vya futi hamsini kwa sitini, hapa msingi, pale tofali zimepangwa, mnazi umebaki mmoja katikati ya uwa. Mara nyingi kwa maneno kinachouzwa ni minazi na vipando vilivyomo, lakini mnunuzi na muuzaji wote wanajua ni kiwanja. Aliyepewa eka tatu amefariki, watoto saba, wajukuu ishirini, mkarafuu unazaa mwaka huu mwaka kesho unapumzika, mnazi umezeeka, halafu anakuja mtu na fedha taslim. Nani atakataa? Ningekuwa mimi nina mtoto anahitaji matibabu ningeuza pia.

Lakini hebu tupige hesabu ya kitu kilichouzwa. Eka moja ni kama mita za mraba 4,047. Ikinyesha milimita 1,600 kwa mwaka, eka moja inapokea kama lita milioni 6.5. Eka tatu za familia moja zinapokea zaidi ya lita milioni 19 kila mwaka, bila ya pampu, bila ya umeme, bila ya bili. Sio zote zinaingia chini, miti inakunywa, jua linachukua, nyengine inatiririka. Lakini shamba lenye mnazi, migomba, majani yaliyooza chini na udongo uliolimwa kwa jembe, linameza sehemu kubwa. Likatwe viwanja kumi na kitu kwa kila eka, ezeka bati, sakafia uwa, mwaga kifusi njiani, hiyo mvua itakwenda wapi? Itakwenda barabarani. Na hilo la kwenda barabarani tunaliona kwa macho kila masika.

Hapa ndo nataka tukae kidogo. Tunalia mafuriko Aprili na tunalia kiu Februari na tunayazungumza kama matatizo mawili ya watu wawili tofauti, wakati ni maji yale yale. Mwanakwerekwe kwenye bwawa, Kibondemzungu kwenye njia ya Fuoni, miaka nenda miaka rudi gari zilikuwa zinazama, watoto hawaendi skuli, watu wanahamishwa nyumba zao. Sehemu hizo ni mabonde na mabwawa, maji yalikuwa yanapumzika hapo kabla ya sote kuzaliwa, ndo maana moja ina jina la bonde kabisa. Tumejaza kifusi tukajenga, maji yakaja kutafuta mahali pao. Jawabu letu likawa mitaro mikubwa ya zege ya kuyatoa maji mjini haraka iwezekanavyo yaende baharini. Kwa mtu ambaye chumba chake kimejaa tope mtaro ni rehema, sisemi usijengwe. Ila ukiangalia kisiwa kizima, tumetumia fedha nyingi kuyatupa baharini maji ya masika halafu tunatumia fedha nyengine kuyatafuta chini ya ardhi wakati wa kaskazi.

Na kitu kinachoyazuia maji bila ya zege kipo, kipo siku zote. Ni bonde la mpunga.

Nilipita Cheju wakati mvua za masika zimeshachanganya, nikamkuta bibi mmoja kainama kwenye jaruba lake anakandika tuta kwa mikono, udongo wa kinamo umemfika viwikoni. Nikamwamkia, shikamoo bibi, akaniitikia marahaba mwanangu bila ya kuinua kichwa. Nikamuuliza mbona unahangaika na tuta na mvua hiyo inanyesha kila siku. Akasema, "Mvua ipo leo. Ikishaondoka mpunga wangu utakunywa nini? Na tuta hili likipasuka, mwenzangu wa chini anafurikiwa na mie nakaukiwa." Kisha akanionesha upande wa juu ambako kulikuwa na msingi mpya wa nyumba kwenye ukingo wa bonde, akasema tangu pale palipojazwa kifusi maji yanakuja kwa kishindo, zamani yalikuwa yanakuja polepole.

Mimi sijasikia maelezo mazuri kuliko hayo. Chukua jaruba zenye jumla ya eka moja, weka matuta yanayobakisha maji ya kina cha sentimita 15 tu. Hapo umeshika kama lita laki sita kwa mara moja, sawa na gari 60 za maji za lita elfu kumi kumi. Na masika inajaza zaidi ya mara moja. Lazima niwe mkweli, udongo wa kinamo unabana, hauyashushi maji haraka, na sehemu nyengine jua linayanywa. Lakini yanakaa wiki, yanapenya pole pole kwenye kingo zenye mchanga, yanayochirizika yanafika chini bila ya kubeba udongo wa watu, na juu ya yote hayo bibi anapata mchele. Mtaro wa zege hauwezi kufanya hata moja kati ya hayo.

Zanzibar tunakula wali mchana na usiku, na mchele mwingi tunaokula unakuja kwa meli. Serikali imeliona, ndo maana kuna mradi wa umwagiliaji kwa mkopo wa Benki ya Exim ya Korea kwenye mabonde ya Cheju, Kibokwa, Kilombero, Chaani na Kinyasini huku Unguja, na Makwararani na Mlemele kule Pemba. Kazi nzuri, mkulima anayevuna mara moja kwa mwaka akivuna mara mbili maisha yake yanabadilika. Ila kuna swali ambalo naona haliulizwi kwa sauti ya kutosha. Mifereji ile itapata maji kutoka wapi baada ya miaka ishirini? Ni visima na vijito vya kisiwa kile kile. Ukijenga skimu ya umwagiliaji bondeni huku miinuko inayolilisha bonde inakatwa viwanja na mashimo ya mchanga, umejenga mfereji tu. Mchanga nao usisahauliwe, huko wilaya ya Kaskazini B mashimo ya kuchimba mchanga wa kujengea yameacha ardhi haina udongo wa juu, haioteshi kitu, na mchanga wenyewe unakuja kujenga juu ya eka nyengine iliyokuwa inalimwa. Kwa hiyo nyumba moja inakula ardhi mara mbili, pale inapojengwa na pale mchanga ulipotolewa.

Halafu hoteli. Uchunguzi uliofanywa Nungwi, Kiwengwa na Jambiani na kutolewa 2012 na shirika la Uingereza la Tourism Concern ulikuta nyumba ya mwenyeji inatumia wastani wa lita 93 kwa siku, chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano kinatumia lita 3,195 kwa siku. Gawanya mwenyewe, chumba kimoja kwa siku moja kinamaliza maji ya nyumba moja kwa siku 34. Tangu hapo hoteli zimezidi sana na baadhi zimeweka mitambo ya kuondoa chumvi maji ya bahari, na hizo zipongezwe. Ila hoteli zetu nyingi za pwani ziko kwenye ule upande wa maweni, ambako utando wa maji matamu ni mwembamba kuliko kote, ambako wanakijiji walikuwa wanaishi na maji ya pango na visima vifupi kwa karne nyingi kwa sababu walikuwa wachache na walikuwa wanachota kwa ndoo. Ndoo haiwezi kumaliza kisima, kisima kikishuka ndoo inasubiri. Pampu haisubiri. Ndo maana maji ya sehemu hizo inabidi yatoke visima virefu vya ndani ya kisiwa, kwenye ule ule udongo wa kulima, na duara linarudi pale pale. Mkulima wa ndani analinda maji anayooga mgeni wa pwani na hapati hata shilingi moja ya hiyo kazi.

Hilo la mkulima kutolipwa ndo kiini kwangu mimi. Tunamwambia asiuze shamba, ahifadhi mazingira, asikate mti, na sisi wa mjini tunakunywa. Kama kweli tunaamini shamba lake linazalisha maji basi tumlipe kwa maji, sio kwa hotuba. Hoteli inayolala wageni mia mbili ichangie kwenye mfuko, na mfuko uende kwa wenye eka za kwenye vyanzo, kwa masharti kwamba hazikatwi viwanja. Mtu akiwa na kipato cha uhakika kila mwaka kutoka kwenye eka zake, hata akija mnunuzi na fedha mkononi, atakuwa na sababu ya kusema subiri nifikirie.

Kuna watakaosema nakuza mambo, kisiwa kinanyesha mvua, tutakosaje maji. Nawaomba watazame Nzuani, kwa ndugu zetu wa Komoro, na hapa Unguja familia zenye asili ya huko ni nyingi, wanajua. Nzuani ni kisiwa cha milima, mvua nyingi kuliko yetu, kilikuwa na mito kadhaa inayotiririka mwaka mzima. Msitu ukakatwa kupata mahali pa kulima, kuni zikachomwa kukamulia mafuta ya mlangilangi, miteremko ikabaki wazi, na mito mingi sasa inatiririka wakati wa mvua tu. Mvua haikukataa kunyesha, kilichoondoka ni kitu cha kuishika. Na wao walianza wakiwa na mito. Sisi tuna vijito vitatu vinne na chemchem. Pemba nao wana lao jengine, mvua wanapata zaidi yetu, kama milimita 1,900, mabonde wanayo mazuri, lakini bahari imeanza kuingia kwenye baadhi ya mabonde ya mpunga, kina mama wanakuta chumvi imekauka juu ya udongo walipokuwa wanapandikiza. Makala ya Pemba inataka kuandikwa peke yake.

Jengine linalonisumbua ni makaro ya vyoo. Nyumba zikibanana juu ya ardhi inayopitisha maji, kila nyumba ina karo lake, na kisima kiko hatua chache pembeni. Mji huu umeshaona kipindupindu mara nyingi. Udongo wa kinongo na kichanga unachuja, unajitahidi, lakini haukuumbwa kuchuja makaro elfu kwa pamoja. Sasa hata hayo maji ambayo yanafanikiwa kushuka chini yanakuta uchafu njiani, na ukishachafua maji ya chini ya kisiwa huna mahali pengine pa kuhamia.

Tuzungumze na umeme pia kwa ufupi, manake tunasahau haraka. Disemba 2009 waya wa umeme kutoka bara uliharibika na Unguja nzima ikakaa kama miezi mitatu gizani, mpaka Machi 2010. Pampu zikasimama. Watu walirudi kwenye visima vya zamani vya mitaani, vile vya kuchota kwa kamba, wakavifukua. Leo vingapi kati ya hivyo bado viko wazi? Mtaani kwetu kimoja kimejengewa duka juu yake, chengine kimegeuzwa jaa. Siombi tupate kiza tena, naomba tu shehia (mitaa na vijiji vinavyoongozwa na sheha) zihesabu visima vyake vya kamba, visafishwe, vifunikwe vizuri, viwepo.

Sasa swali gumu, watu wakae wapi. Mzee Karume alipojenga Michenzani alijenga kwenda juu, ghorofa ndefu zile za Ng'ambo, watu wanazisema sana kwa mengi na mengine wana haki ya kuyasema, ila familia zinazokaa pale zingetawanywa kwenye nyumba za chini kila mmoja na uwa wake zingekula mashamba mangapi? Najua sie tunapenda uwa, tunapenda mtu awe na mlango wake, na mila yetu ya stara inataka hivyo. Ghorofa inaweza kujengwa ikawa na stara, mafundi wa Mji Mkongwe waliliweza hilo zamani, nyumba za ghorofa mbili tatu zenye uwa wa ndani na hakuna jirani anayemuona mke wa mtu. Na kama ni lazima kujenga chini basi kujengwe kwenye maweni ambako jembe halipiti, kwa mpango, na mfumo wa maji machafu ukitangulia. Kukatia nyumba bonde la mpunga au kilima cha chanzo cha maji ni jambo ambalo ningependa liwe haramu kisheria na kijamii, muuzaji aone haya na mnunuzi aone haya.

Na mapaa haya tuliyokwisha ezeka yatumike. Paa la mita za mraba mia moja kwa mvua yetu linapokea lita 160,000 kwa mwaka. Toa robo nzima iliyopotea, unabaki na lita 120,000, na ukirudi kwenye ile nyumba ya lita 93 kwa siku, hayo ni maji ya zaidi ya miaka mitatu. Hakuna mtu mwenye tangi la kuyahifadhi yote, na hakuna haja. Mfereji wa bati pembezoni mwa paa, tangi moja la matumizi, na ziada iingizwe kwenye shimo lililojazwa kokoto ishuke ardhini badala ya kukimbilia barabarani. Misikiti yetu ina mapaa makubwa na kila siku mara tano inatumia maji, skuli zina mapaa marefu, tuanzie huko kabla ya kumlazimisha mtu nyumbani kwake. Kibali cha kujenga hoteli kisitoke bila ya hilo shimo na hilo tangi kwenye ramani.

Tatizo jengine ni kwamba tone moja la maji lina wenyewe wengi. Likiwa juu ya shamba lina wizara yake ya kilimo, likiwa ndani ya kisima lina mamlaka ya maji, ZAWA, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2006, likiwa juu ya kiwanja lina watu wa ardhi, likiingia mtaroni lina baraza la manispaa, likifika hotelini lina watu wa utalii. Kila mmoja anafanya kazi yake na wengi wao wanaifanya kwa moyo, lakini anayetoa kiwanja hamuulizi anayechimba kisima, na anayechimba kisima anakuja kujua nyumba zimesogea wakati ameshaanza kupata uchafu kwenye maji yake. Sheha ndo mtu pekee anayeyaona yote kwa pamoja, anawajua wauzaji, anazijua njia za maji, anajua bonde lilikuwa wapi, na yeye ndo anatia saini ya mwanzo kwenye mauziano.

Kwa hiyo ningeanzia hapo hapo kwa sheha. Apewe ramani ya shehia yake yenye rangi, vyanzo vya maji, mabonde ya mpunga na miinuko inayoyalisha, ibandikwe ukutani ofisini kwake mtu yeyote aione, na sehemu yenye rangi hiyo sahihi ya sheha isiwe na nguvu mpaka mtu wa maji na mtu wa kilimo wafike wakanyage pale kwa miguu yao nao watie saini zao. Ramani za udongo za kisiwa hiki zipo tangu enzi za mkoloni, mabonde ya mpunga yanajulikana kwa majina, visima vya serikali viko kwenye orodha. Kazi hiyo inaweza kuanza kabla ya masika inayokuja, na ianzie kwenye shehia zinazouzungukia msitu wa Masingini na zile zilizopakana na bonde la Cheju, kwa sababu huko ndo misingi inachimbwa sasa hivi.